Nyumba ya Babu Haipigwi Saruji

Nyumba yetu ina kuta nene kiasi kwamba ukigombana na mkeo chumbani, maneno yanafika sebuleni kesho yake, tena yameshapoa. Simu ndani haishiki. Ukitaka kuongea na mtu wa Dar inabidi utoe kichwa dirishani, na dirisha lenyewe lina kina, mtoto analala pale kwenye kizingiti na kuku anapita pembeni bila kumwamsha. Watu wanasema natia chumvi. Waje na chumvi yao tupime.

Aliyeijenga ni babu, baba yake baba. Babu alikuwa mbeba mawe. Wazungu walipokuwa wanajijengea huku juu Lushoto, wanakimbia joto la bondeni, yeye ndiye aliyebeba mawe na chokaa. Alibeba mpaka kichwa kikawa bapa, ndiyo maana ukoo wetu wote kofia hazitukai. Alipomaliza kuwabebea akasema, na mimi sasa najijengea ya kwangu, kama ile ile. Shida ilikuwa moja. Ndani hakuwahi kuingizwa. Mbeba mawe mwisho wake msingi. Nyumba ya mzungu aliijua kwa nje tu: mawe chini, baraza mbele, madirisha marefu ya mbao yanayofunguka vipande viwili, na juu kabisa dohani inatoa moshi.

Ndani akamalizia kwa akili zake. Aliona moshi unatoka juu, akajua humo ndani hakuna kingine ila mafiga. Basi akajenga dohani ya matofali, ndefu, nzuri kama ya mzungu mwenyewe, na chini yake, katikati ya nyumba, akampangia bibi mafiga matatu. Nje Mzungu, ndani Mshambaa. Na inafanya kazi! Moshi unapanda wote, ugali unaiva, watu wanakaa wanaota moto pande zote. Julai huku kwetu kuku wanataga mayai yamejikunyata, lakini ukiingia kwetu unavua koti mlangoni.

Mimi ndiye kitinda mimba. Wenzangu walishuka Mombo, wakapanda mabasi, wakaenda kutafuta maisha. Mimi nikabaki na kabichi, karoti, na mama yetu mpaka Mungu alipomchukua, na nyumba. Sikubakia kwa bahati mbaya. Nilibaki kwa kuwa napapenda, na anayesema nilishindwa kuondoka aje tushindane kupanda mlima, mimi nikiwa na gunia la karoti na yeye akiwa na simu yake.

Kaka yangu mkubwa amefanikiwa. Ana duka la vifaa vya ujenzi Dar. Nyumba yake inang'aa mpaka ukiingia unavua viatu, halafu unatamani uvue na miguu. Ananipenda, sikatai. Lakini kaka akimpenda mtu anataka kumpiga marumaru.

Mwaka mmoja alikuja na mafundi akatengeneza chumba cha pembeni, anacholala yeye akija. Akang'oa dirisha la mbao, akaweka la alumini la kuteleza. Chini marumaru, juu jipsamu yenye matundu ya taa, utadhani nyota zimeshushwa kwa kamba. Kuta za udongo akazipiga plasta ya saruji, ngumu, laini, unaweza kujitazama na kunyoa ndevu. Watu wakaja kushangaa. Hata mimi nilishangaa, nisidanganye.

Masika yakaja. Ule ukuta ukaanza kutoa jasho kama bwana harusi aliyesahau mahari kwenye basi. Ukuta wa udongo umezoea kuvuta maji na kuyatoa, umeuvalisha koti la mvua, unategemea nini? Plasta ikaota kitambi. Kitambi kikashuka. Asubuhi moja tunakunywa chai tukasikia kishindo, plasta yote imejimwaga chini kwa pamoja. Paka alitoka kupitia dirishani, na mpaka leo anaishi kwa jirani na amebadilisha tabia.

Nilimpigia kaka. Akasema, "Mafundi walikosea kuchanganya."

"Kaka, siyo mafundi. Ni saruji na udongo, havioani."

"Shida siyo saruji, bwana mdogo. Shida tulipiga chumba kimoja. Dawa yake ni nyumba nzima."

Nikacheka, nikajua utani. Haukuwa utani. Mwaka uliofuata, Idi ya kuchinja ikiwa inakaribia, simu ikaita, nikatoa kichwa dirishani.

"Bwana mdogo, Idi hii nakuja na wakwe zangu."

Binti yake alikuwa ameolewa kwa watu wa Dar, watu wazito, na walikuwa hawajafika kwetu.

"Karibuni sana, kaka. Tutachinja."

"Sizungumzii kuchinja. Nazungumzia nyumba. Siwezi kuwaonyesha kwetu ni pale palivyo."

"Pakoje?"

"Kama ngome ya Mjerumani iliyosahauliwa na Mjerumani mwenyewe."

"Hilo siyo tusi, kaka, ni sifa."

Hakucheka. "Naleta mafundi. Ile baraza inavunjwa. Dohani inashuka. Madirisha yote alumini, nje tunapiga saruji na rangi ya krimu, juu bati la msauzi. Wewe na shemeji mtahamia stoo ya mboga kwa muda."

Stoo ya mboga! Mimi na mke wangu tukalale na kabichi, ili wakwe za watu waone krimu! Hapo damu ya mbeba mawe ikanipanda mpaka kwenye hiki kichwa bapa.

"Kaka, shikamoo."

"Si tumeshasalimiana?"

"Nakusalimia tena, maana nitakalosema sasa sitaki uone nimekosa adabu. Nyumba haivunjwi."

 Nikasikia magari ya Dar yanapiga honi nyuma yake. Halafu akasema kwa upole, ule upole wa mtu mwenye hela: "Unataka nini?"

"Nipe mpaka Idi. Nitaitengeneza mimi, vilevile ilivyo. Dirisha likibaki dirisha na dohani ikibaki dohani. Ukija ukaona inatia aibu, lete mafundi wako, na stoo nitahamia nikiimba."

"Umesema?"

"Nimesema."

Nikarudisha kichwa ndani. Mke wangu alikuwa amesimama na mwiko.

"Umeahidi nini?"

"Nimeahidi nyumba itapendeza."

"Itapendezeshwa na nani?"

"Na hii mikono."

Akaitazama ile mikono. "Hii iliyojenga banda la bata, bata wakaenda kulala porini?"

Lakini alipomaliza kunisema aliweka mwiko chini akaenda kutafuta ndoo. Ndivyo alivyo. Anakutukana huku anakusaidia, hujui umshukuru saa ngapi.

Tulianza na madirisha. Yalikuwa yamepakwa rangi juu ya rangi, kila Idi na kila harusi tangu babu, mpaka hayafungi wala hayafunguki, yako katikati kama mlevi mlangoni. Tulikwangua kwa vipande vya chupa. Ikatoka kahawia, chini yake kijani, chini yake kijani kingine, chini yake nyekundu ambayo hakuna aliye hai anayekubali kuhusika nayo. Chini kabisa ikatoka mbao yenyewe, mkulo, nyekundu inanukia, utafikiri imepasuliwa jana. Mke wangu aliweka pua pale akasema, "Hii inanukia kuliko wewe." Sikubisha.

Vibao vingine vilikuwa vimeliwa chini. Fundi seremala akaniambia vipande vile vikatwe, viungwe vipya, lakini vya mkulo vilevile, ukiweka mbao nyingine vitavutana. Sasa mkulo utaupata wapi? Siku hizi msituni hukati, na hata mimi nisingekata. Nilizunguka mji mzima nikiuliza, mpaka watu wakadhani nimechanganyikiwa. Nikarudi nyumbani nimechoka, nikakaa kitandani, nikaegemea.

Nikaegemea mkulo.

Kile kitanda ni cha babu. Kina ubao wa kichwani mpana kama mlango wa msikiti. Niliuangalia, ukaniangalia. Mke wangu alipotoka kisimani alinikuta na msumeno.

"Wewe! Kichwa cha kitanda!"

"Kwani sisi tunalalia kichwa cha kitanda? Tunalalia mto."

"Na mto utaegemea wapi?"

"Ukutani. Ukuta ni wa babu vilevile."

Alininunia mpaka magharibi. Lakini madirisha yakapona. Tukayapaka mafuta, yakawa yanafunga kwa sauti moja nzito, *tup*, kama mtu aliyeshiba anafunga mjadala. Nilikuwa nayafungua na kuyafunga bila sababu. Wapita njia wakaanza kuniuliza kama kuna nyuki ndani.

Zikabaki kuta. Hapo sikutosha peke yangu, nikaita watu. Kwetu huku juu ukimwita jirani kwenye kazi ya pamoja, hulipi, unapika. Mke wangu aliinjika makande ya kulisha kijiji na nusu ya kijiji cha pili. Chokaa tuliitoa Mombo, ikapanda mlima juu ya lori lililotoka kushusha kabichi. Tuliilowesha kwenye pipa, ikachemka peke yake bila kuni, ikanguruma, ikatoa moshi, mtu mmoja akauliza kama tunaweza kuchemshia viazi humo. Udongo mwekundu tulichimba nyuma ya nyumba, mchanga tukatoa mtoni, na mavi ya ng'ombe kidogo, vilevile alivyochanganya babu. Tukakanyaga kwa miguu, tukaziba palipobanduka, chumba cha kaka nacho kikavalishwa udongo wake tena. Nilikiona kinavuta pumzi. Nasema nilikiona.

Ikafika siku ya kupaka chokaa. Sasa hapo lazima nikueleze habari za binamu yangu. Huyu ni mtoto wa shangazi yangu, yeye mwenyewe ni mjane, ana shamba la nyanya chini ya nyumba yetu, na nyanya zake hazijawahi kuugua hata mafua. Mimi naye ni mabinamu, utani wetu hauna kituo wala breki. Alifika na bomba lake la kupigia dawa mgongoni, akasimama mbele ya ukuta, akaukagua kama mtu anayekagua mche.

"Onga mshi, binamu," nikamwambia.

"Achana na salamu. Ukuta wako unaumwa."

"Unaumwa nini?"

"Ukungu. Angalia pale kivulini, umeshaanza madoa ya kijani. Ndivyo nyanya zinavyoanza. Ukiacha hivi, wiki ijayo majani yote yanapukutika."

"Ukuta hauna majani."

"Na kichwa chako hakina akili, lakini si unakichana?"

Watu wakaangua kicheko. Na mimi nikatazama yale madoa ya kijani, na kweli, kila mwaka tunapaka nyeupe, na kila mwaka umande unarudisha kijani. Nikauliza, "Dawa yake?"

"Dawa ya ukungu ni moja tu." Akafungua mfuko akatoa mrututu, yale mawe ya bluu anayoyeyushia maji ya kupigia nyanya. "Kwenye nyanya nachanganya na chokaa. Hapa chokaa ipo tayari. Mungu akupe nini tena?"

Wakulima wote wakaitikia kwa vichwa. Hakuna aliyepinga. Kwa nini wapinge? Wote kila siku wanachanganya vitu hivyo hivyo. Ungetuuliza wakati ule, tungekuambia hata mafua ya mtoto yanataka mrututu. Nikasema, "Tia." Akatia. Akaangalia ukubwa wa ukuta, akatia tena.

Tukajipanga na mabomba mgongoni, mstari mmoja, kama tunaingia shamba la kabichi. Chokaa ikaziba midomo ya mabomba, mabomba yakapiga chafya, mmoja akapigwa usoni akawa mzee wa mvi ghafla. Wengine wakashika brashi za katani. Binamu akatugawia: wewe chukua hapa mpaka dirishani, wewe kutoka dirishani mpaka pembe, mimi baraza, msinisogelee. Ikiwa mbichi ilionekana kama maji ya dobi. Tukajua ikikauka itakuwa nyeupe. Tukala makande, tukasifiana, tukaachana.

Asubuhi jua likatoka upande wa bonde. Nikatoka nje na mswaki mdomoni.

Bluu.

Siyo bluu ya kubahatisha. Bluu! Ukuta wote, pembe kwa pembe, bluu kama mbingu ya saa tano siku ambayo mvua imekwisha. Madirisha mekundu ya mkulo yametulia katikati yake. Dohani nyeusi juu. Nilimeza dawa ya meno.

Mke wangu akatoka, akaangalia, akakaa kwenye ngazi. "Kaka yako akiona hii atazimia."

"Akizimia atapumzika, anafanya kazi sana."

Nilisema hivyo kwa mdomo. Moyoni nilikuwa naiona stoo ya mboga. Nilipanda mteremko wa ng'ambo nikakaa huko naangalia nyumba yetu kwa mbali, nikitafuta aibu iko wapi, maana nilijua kaka ataitafuta. Nikaitafuta kwenye msingi, haipo. Nikaitafuta kwenye madirisha, haipo. Kadiri nilivyoangalia, ndivyo nyumba ilivyonikodolea macho, kama inaniambia, kijana, unaona haya kwa niaba ya nani? Nikashuka. Kutoka hapo sikuona haya tena, na sijaona mpaka leo.

Mji ulisema ulivyosema. Mwenye lori akasimama akauliza kama nimefungua zahanati. Mwingine akaniuliza nyumba inavunwa lini. Watalii waliokuwa wanakwenda Irente kuangalia bonde wakasimama kwetu wakapiga picha, bonde likangoja. Nikawajibu wote. Aliyeleta maneno nilimpa maneno, tena nikamwongezea ya kula njiani.

Kaka akaja Idi ikiwa bado siku chache, amewatangulia wakwe. Pikapu imejaa fremu za alumini zimefunikwa blanketi, na mafundi wawili wa Mombo juu yake. Mombo ni joto, wale vijana walikuja na fulana tu. Walipofika kwetu meno yao yalikuwa yanapiga ngoma ya harusi. Mke wangu hakuuliza mtu. Akawaita ndani, akawakalisha kwenye mafiga, akawapa chai ya tangawizi.

Kaka alibaki nje. Alizunguka nyumba nzima, mikono nyuma. Akarudi mbele yangu.

"Hii ni nini?"

"Shikamoo, kaka. Ni nyumba."

"Marahaba. Nauliza hii rangi ni nini."

"Ni chokaa na mrututu. Haishiki ukungu."

"Umepiga nyumba dawa ya nyanya."

"Na hutaona nyanya hata moja imeota."

"Usinitanie! Wewe si ndiye uliyeniambia itabaki vilevile ilivyo? Babu aliweka bluu? Nijibu. Aliweka bluu?"

Hapo, nikiri, alinibana. Nyumba haikuwahi kuwa bluu. Lakini mdomo wangu huwa unanitangulia, nami naufuata kuona unakwenda wapi.

"Babu aliweka alichokuwa nacho," nikasema. "Alikuwa na udongo, akaweka udongo. Alikuwa na chokaa, akaweka chokaa. Hakujua ndani kwa mzungu kuna nini, akaweka mafiga ya mkewe, na hakumwomba mtu radhi. Sisi tuna mrututu. Wewe umeleta alumini, tena hukuitoa hapa, umeitoa dukani kwako. Sasa nani anayefuata babu?"

"Mimi namheshimu babu kuliko wewe!"

"Mheshimu basi bila nyundo."

Akageuka, akaita mafundi. Hakuna aliyetoka. Akaita tena. Mkubwa wao akatoa kichwa dirishani, kikombe mkononi, amekunjua uso kabisa.

"Bosi, hii nyumba ina joto."

"Toka uanze na baraza!"

"Ndiyo, bosi. Namalizia hii chai." Kichwa kikarudi ndani. Na dirisha likafungwa, *tup*.

Kelele zilikuwa zimeshafika shambani. Binamu yangu akatokea, bomba mgongoni, na nyuma yake majirani, kila mtu na jembe lake au ndoo yake, wametoka kazini. Akamsalimia kaka vizuri, maana kaka ni mkubwa kwake. Akajibiwa vizuri. Halafu heshima ikaisha.

"Nasikia kuna mtu anapiga ukuta wetu."

"Wenu?" kaka akashangaa. "Binamu, hii nyumba ni ya ukoo wetu."

"Nyumba ni yenu. Ukuta ni wetu. Ulikula makande ya kazi hii?"

"Makande gani?"

"Basi hukula. Sisi tulikula. Pale mpaka dirishani alipiga huyu. Pembe ile ni ya yule, ndiyo maana imepinda. Baraza nimepiga mimi kwa pampu yangu. Unataka kuivunja, sawa, tuite wote, tukae, utueleze jasho letu limekukosea nini."

Na kweli ndivyo ilivyo huku kwetu, hata kama kaka alikuwa amesahau kwa marumaru. Kazi ya watu haivunjwi kabla haijachakaa bila kuwaambia watu. Kila mmoja akaanza kwenda kusimama mbele ya kipande chake. Walisimama tu, bluu mgongoni, wanamtazama.

Kaka akaona aibu, na mtu mkubwa akiona aibu mbele za watu ndiyo anakuwa mtoto. Akachukua nyundo kwenye pikapu yeye mwenyewe. Akaenda pembeni ya mlango, sehemu isiyo na mtu, akapiga. Nyundo ikamrudia, nusura imvue saa. Akapiga tena kwa hasira zote za barabara ya kutoka Dar. Plasta ikabanduka, likabaki tundu kama sahani.

  Mimi nilikuwa nimeshapanda ngazi za baraza, nimekaa mlangoni, nimeshika fremu kwa mikono yote miwili. Nilikuwa siongei, na mke wangu anasema ndiyo mara yake ya kwanza kuniogopa.

"Kaka," nikasema, "ukitaka kuendelea, anza na mimi. Mimi siyo mgumu kama huo ukuta."

Akaniangalia. Nyundo inaning'inia. Sijui aliona nini. Labda aliona kichwa cha babu, maana hiki kichwa tunacho wote wawili.

Binamu ndiye aliyemwokoa. "Haya, umetoboa," akamwambia, sauti ya kawaida kama anaagiza maji. "Sasa kanda uzibe. Mwenye kutoboa ndiye mwenye kuziba. Au mkono wa Dar haukandi?"

Kaka akatazama suruali yake ya kitambaa. Akatazama watu. Akavua viatu, akakunja suruali mpaka magotini, akaingia kwenye shimo la udongo nyuma ya nyumba. Mwanzo alikanyaga kama anayeogopa kuamsha mtu. Halafu miguu ikakumbuka yenyewe, maana mama alitukandisha udongo sote, si mimi peke yangu. Majirani wakaanza kumfokea: ongeza maji, punguza maji, wewe ni mwenye duka la ujenzi au la peremende? Akawajibu. Akamwambia binamu nyanya zake ni nyekundu kwa kuwa zinamwonea haya. Nikajua kaka yangu amerudi.

Alilibandika lile tundu kwa mikono yake, vibaya, limevimba kama shavu lenye jino bovu. Akataka kulipaka bluu. Binamu akafunga mfuko wake.

"Mrututu umebaki wa nyanya tu."

"Nitakununulia mwingine!"

"Nunua, ulete mwakani. Nyanya hazingoji."

Kaka akanawa, akaingia ndani, akawakuta mafundi wake mmoja amesinzia na mwingine anamenya viazi na mke wangu. Akakaa kwenye mafiga. Hakusema ameshindwa. Alisema, "Zile fremu naweza kuzirudisha dukani," na sisi tukaitikia kama amesema kuhusu hali ya hewa.

Siku ya Idi wakwe wakaja. Mama mkwe, mama mnene mwenye vitenge vya maana, alishuka kwenye gari anatetemeka. Tulimkalisha chini ya dohani, na kutoka hapo hakuna aliyefaulu kumwinua. Alisalimiwa na kijiji kizima akiwa amekaa. Alipotaka kuondoka akasimama mbele ya nyumba na kuiangalia muda mrefu. Kaka akawa anakohoa. Mama akaisifu bluu, akasifu madirisha, kisha akanyoosha kidole kwenye lile doa la udongo pembeni ya mlango, limevimba, la kahawia, peke yake katikati ya bluu yote.

"Na pale pamekuwaje?"

Kaka alinikazia macho ya kaka mkubwa, yale ya tangu utotoni yanayosema, thubutu.

Nikathubutu.

"Hapo, mama, ndipo kaka alipobisha hodi kwa nyundo. Nyumba haikumfungulia, ikabidi apite mlangoni kama watu wengine."